Lori Lenye Pua ya Bati

Sehemu ya Tano

Wiki jana niliwaacha nimesimama juu ya lori pale Mbalizi, fundi Marcelino ananigongea ribiti za kushikiza bati, na nusu ya soko imeacha kununua vitunguu ili inicheke vizuri. Leo nitawaeleza jinsi waliocheka walivyokuja kuniamkia kwa heshima, na jinsi heshima ile ilivyonimaliza.

Kwa aliyelikuta gazeti hili leo kwenye benchi la kinyozi, nieleze kwa kifupi. Mimi ni Jailos, dereva wa Bwana Bipin, mwenye duka la jumla Mbeya. Mwaka ule wa hamsini na nne Bwana Bipin alikuwa na malori mawili na mzigo wa lori moja. Akatuita madereva wake wawili, mimi na Kalinga, Mhehe wa Iringa, akatuambia bila kupepesa macho.

"Safari tatu. Kwenda Iringa, kurudi, kwenda tena. Lori litakalokula petroli kidogo litabaki. Lingine nauza, na dereva wake aende salama."

Kalinga aliniangalia kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko tusi. Alikuwa na mguu mwepesi. Angeweza kuendesha na yai chini ya kiatu lisipasuke. Mguu wangu mimi ni mzito, hata mke wangu anaujua nikiingia nyumbani.

Nikishindwa, kazi nyingine niliyoijua ilikuwa moja tu, kushuka kwenye mashimo ya dhahabu Chunya. Nilitoka huko. Kaka yangu Yotamu hakutoka. Shimo lilimfunika, tukazika blanketi lake tupu, na baba yetu, Mzee Ezekia, akaapa mbele ya watu wote waliokuja msibani.

"Chunya imekula mmoja. Wa pili haimpati."

Basi ndiyo maana nikaanza kuwaza upepo.

Wazo lenyewe lilianzia mkononi. Ukiwa unaendesha, toa kiganja nje ya dirisha ukikabilishe na upepo. Kinasukumwa nyuma. Kilaze ubavu, upepo unapita zake. Nikasema, kama kiganja changu kinasukumwa hivi, je, uso wa lori ulio bapa kama mlango wa ghala? Kumbe tunachoma petroli ya Bwana Bipin kwa kusukumana na upepo! Ndege ana mdomo uliochongoka. Samaki ana kichwa kilichochongoka. Lori limekosa nini?

Marcelino, ambaye kazi yake ni vibatari na ndoo, akanikunjia pua ya bati iliyokaa juu ya paa mbele ya mzigo, na mashavu mawili pembeni mwa boneti ya kuufukuza upepo.

"Itapunguza mafuta?" nilimwuliza.

"Haitavuja," alinijibu. "Hayo mengine ni yako na Mungu wako."

Kalinga alipoiona aliizunguka mara mbili akiwa ameshika kiuno.

"Kamwene, Jailos," alinisalimu kwa Kihehe. "Umemvisha kofia?"

"Cheka tu. Ni kwa ajili ya upepo."

"Upepo ni shida ya ndege, ndugu yangu. Sisi tunakwenda mwendo ambao mbwa wa Igawa anatupita akitaka. Petroli yetu inaliwa na mlima na mchanga na matuta ya barabara. Pale tunapopanda Makambako kwa gia ya kwanza, upepo gani unatuzuia? Hata inzi anatua kwenye kioo akajikuna!"

"Tutaona."

"Utaona wewe. Mimi nimeshaona."

Siku ya kuondoka baba alitokea uani kwa Bwana Bipin, amevaa koti lake la kanisani, mkononi ana mkungu mdogo wa ndizi.

"Nitakwenda na wewe, mwanangu. Safari zote tatu."

"Iringa unakwenda kufanya nini, baba?"

"Kuona dunia."

Nilistaajabu. Baba yangu hakuwahi kutaka kuona kitu chochote kilicho mbele ya soko la Tukuyu. Lakini mzazi akitaka kupanda lori, nani atamkataza? Nikampa kiti cha mbele.

Sasa sikilizeni vizuri habari ya madebe, maana ndiyo iliyonizika. Lile lori lilikuwa likiondoka na tangi lililojaa, pamoja na madebe mawili ya petroli ya akiba. Siku zote kabla ya pua, tangi lilitufikisha theluthi mbili ya njia, tena kwa kuvuta, kisha nayatoboa yale madebe na kuyamimina. Geji ilikufa zamani, kwa hiyo nilipima tangi kwa ufito.

Tulipofika Nyololo tulisimama kula kwa mama mmoja aitwaye Rozalia, mwenye hoteli ya madereva. Baba hakushuka kuja kula.

"Ugali wa hoteli unanipa kiungulia. Nitakula ndizi zangu, nilinde mzigo."

Nilikula, nikalala kidogo kwenye benchi la Rozalia kama ilivyo desturi ya madereva, nikaamka, nikaenda kupima tangi. Nikautoa ufito, nikautazama. Nikaufuta kwa kaptula, nikapima tena.

Petroli ilikuwa imejaa kuliko nilivyowahi kuiona Nyololo tangu niajiriwe!

"Baba! Baba, njoo uone! Pua inafanya kazi!"

Baba alikuja, akautazama ufito. Machozi yakamlenga.

"Mungu ni mwema, mwanangu," alisema.

Nilimkumbatia palepale barabarani. Mikono yake ilinuka petroli, lakini nani ananusa mikono siku ya furaha? Tena lori zima lilinuka petroli.

Iringa tulipokelewa na Ramesh, mdogo wake Bwana Bipin. Aliyagonga yale madebe mawili ya akiba kwa ngumi kusikia kama yamejaa. Yalikuwa hayajatobolewa. Akayagonga tena.

Safari ya pili, kurudi Mbeya, ikawa vilevile. Tulikula Nyololo, nikalala kwenye benchi, nikapima, nikapiga kelele. Bwana Bipin alipoyaona madebe yake yamerudi bikira alikwenda kuipapasa ile pua kama mtu anayepapasa ng'ombe sokoni.

"Jailos, nilisema wewe mjinga. Nafuta."

Pale Mbalizi waliokuwa wakinicheka wakaanza kuniita Fundi Upepo. Marcelino akaletewa kazi na wenye malori wengine, akanunua nyundo mpya. Na mimi, niseme ukweli, kichwa kilivimba hata kofia ikanibana. Nilianza kuwaeleza watu mambo ya hewa ambayo sikuyajua. Nilimweleza hata Bwana Mchungaji.

Ni Kalinga peke yake aliyekuwa kimya. Aliniomba ufito wangu, akaukagua, akanirudishia.

"Ufito ni mzima," alisema. "Basi sijui." Na kwa mara ya kwanza nikaiona hofu usoni pake, maana yeye naye alikuwa na watoto wanne kwenye chumba cha uani kwa Bwana Bipin.

Safari ya tatu mke wangu Sekela aliomba lifti kwenda kumwona dada yake Tekla, aliyejifungua Iringa. Hapo ndipo penye mkasa, na msomaji asiye wa kwetu lazima nimweleze.

Kwetu Unyakyusa mkamwana hamwoni baba mkwe. Haketi naye, hasemi naye, hasimulii mambo yake, na jina lake halitamki. Sekela alilishika jambo hili kuliko wanawake wote niliowajua. Hata kwenye Biblia, akifika kwa mfalme mwenye jina la baba, anasoma "yule mfalme aliyeugua akapona" na kuendelea mbele. Mkamwana akivunja mwiko huo ni msiba wa nyumba nzima, na hauondoki mpaka achinjwe ng'ombe.

Kwa hiyo baba alikaa mbele na mimi, na Sekela alikaa nyuma juu ya magunia ya mchele, amejifunika turubali. Kila baba aliposhuka niligonga bodi mara mbili, ili mke wangu ajue na ajifiche.

Nyololo niligonga bodi, nikaenda kula. Nilirudi, nikapima. Tangi limejaa! Nikapiga kelele, baba akasema Mungu ni mwema, na chini ya turubali kulikuwa kimya kabisa. Nilidhani Sekela amelala.

Iringa Ramesh aliyagonga madebe, yakaitika. Kalinga naye alifika jioni ileile, madebe yake yote mawili yametobolewa kama kawaida. Akashuka taratibu, akampa Ramesh ufunguo kabla hajaombwa. Kesho yake lori lake lilikuwa limeuzwa kwa Mzungu mmoja wa chai kule Mufindi.

"Jailos," alisema Kalinga, "utanipa nafasi kurudi Mbeya? Nikawachukue watoto."

"Panda, ndugu yangu," nilimjibu. Nilimwonea huruma, lakini huruma ya mshindi ni tamu kidogo, na Mungu anisamehe.

Ramesh akanijia anacheka.

"Kaka amepiga simu. Anasema lori lako halihitaji akiba tena. Madebe yabaki hapa, tuyauze. Anakungoja Mbeya na wenye maduka wenzake, waone lori linalovuka kwa tangi moja!"

"Atawaonyesha," nilisema.

Usiku huo kwa Tekla, Sekela hakula. Alisubiri dada yake aende kumlaza mtoto.

"Mume wangu, yale madebe ya akiba usiyaache."

"Hayahitajiki. Ramesh amesema, Bwana Bipin amesema, na ufito umesema."

"Yachukue tu."

"Kwa sababu gani?"

Akawa anakunja pindo la kanga na kulikunjua.

"Kuna mambo mdomo wangu haufiki," alisema.

"Mdomo wako ulifika kumwambia mama yangu mboga yake haina chumvi!"

"Hayo yalikuwa ya mama."

Ningekuwa na akili ningesimama hapo hapo. Nikasema tu kwamba hata mke wangu haniamini, nikampa mgongo.

Asubuhi baba naye akanivuta pembeni. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Wanasema madebe yanabaki?"

"Ndiyo, baba."

"Gwe Jailos, mwanangu. Mwombe Mhindi debe moja. Moja tu."

"Hata wewe? Wewe uliyeuona ufito kwa macho yako?"

Akaitazama ile pua inavyong'aa.

"Pua ni nzuri," alisema. "Mwombe tu."

Sikuomba. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limeshazikwa.

Tukaondoka. Mbele tulikaa watatu, mimi na baba na Kalinga, ambaye alikuwa ameshika sanduku lake la mbao magotini. Nyuma alikuwepo Sekela chini ya turubali, juu ya mabati na katoni za sabuni.

Nyololo, kwa mara ya kwanza, baba alishuka akaingia hotelini. Nilimwona kupitia mlangoni ananong'ona na Rozalia. Rozalia anatikisa kichwa. Baba anamwonyesha koti lake, kana kwamba analiuza. Rozalia anatikisa kichwa tena, anafuta jicho kwa kanga.

"Mzee wako anataka nini?" Kalinga aliniuliza.

"Labda dawa ya kiungulia."

Nikapima tangi. Ufito ulitoka mkavu hadi zaidi ya nusu.

Hapo moyo ulinipiga kidogo. Lakini mtu aliyekwisha kuitwa Fundi Upepo hakosi maneno. Nikajiambia kwamba asubuhi ile upepo ulitoka ubavuni, na pua haikuzoea upepo wa ubavuni. Tukishuka tambarare la Usangu itafidia yote. Nilimweleza Kalinga. Kalinga akaendelea kutazama barabara.

Makambako tulipita. Petroli ilikuwepo pale kwa mwenye fedha, nami mfukoni nilikuwa na kitambaa na kichana. Tukateremka. Igawa tukapita, na tambarare likafunguka mbele yetu, nyasi kavu pande zote mbili, jua linawaka, hakuna nyumba.

Lori likakohoa.

"Takataka kwenye bomba," nilisema.

Likakohoa tena, likaruka, likanyamaza. Tukatembea na mwendo uliobaki mpaka magurudumu yakasimama yenyewe. Ikasikika milio ya panzi tu.

Niliutumbukiza ufito. Ulitoka mkavu wote.

Sikujua kwamba hasira inaweza kupanda upesi namna ile. Nilimgeukia Kalinga, aliyekuwa ameshuka na sanduku lake.

"Umeninyonya petroli!"

"Nini?"

"Iringa! Jana! Umepoteza kazi, ukaona heri tupoteze wote!"

"Jailos, mimi ni mtu wa kunyonya petroli?"

"Mara tatu nimepita hapa bila kutoboa debe! Mara tatu! Leo wewe umo ndani, tangi ni tupu. Nani mwingine?"

Nikachukua hendeli ya kuwashia lori, chuma kizito cha urefu wa mkono. Kalinga akaweka sanduku chini, akarudi nyuma hatua moja. Hakukimbia. Wahehe hawakimbii vizuri.

"Nipige," alisema. "Lakini ukimaliza, tangi litakuwa tupu vilevile."

Baba alikuwa amesimama karibu na gurudumu la mbele. Aliniita, "Mwanangu!" Nikainua hendeli.

"Ezekia!"

Sauti ilitoka nyuma ya lori. Turubali likainuka, na Sekela akasimama juu ya mabati, kichwa wazi, mbele ya baba mkwe wake.

"Usimpige! Ezekia ndiye aliyekuwa anatia! Nimemwona kwa tundu la turubali, Nyololo! Anatoa madebe kwa Rozalia, anamimina kwenye tangi, wewe umelala! Ezekia!"

Kisha akagundua alichokisema. Akaanguka kifudifudi juu ya yale mabati, akajifunika kanga kichwa kizima, akaanza kulia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata siku tuliyompoteza mtoto wetu wa kwanza.

Baba alikuwa amegeuza uso, amejifunika kwa koti. Tukabaki hivyo sote, nami bado nimeinua hendeli kama mpumbavu.

"Baba?"

Alizidi kujivuta ndani ya koti.

"Baba, ni kweli?"

"Safari mbili tatu tu," alisema kutoka ndani ya koti. "Nilidhani ukishinda basi, yamekwisha. Sikujua watakunyang'anya akiba. Sikujua, mwanangu."

"Pua haifanyi kazi?"

"Sijui mambo ya pua. Labda inaokoa kikombe. Mimi nilikuwa natia madebe mawili."

Kikombe! Marcelino kanunua nyundo mpya, wenye malori wamepanga foleni Mbalizi, Mchungaji ameelezwa mambo ya hewa, na yote kwa ajili ya kikombe ambacho hata hakina uhakika.

"Uliyapata wapi madebe, baba? Huna kitu."

Alishusha koti.

"Nilikuwa na dume."

Lile dume la ng'ombe lilikuwa mali yake yote. Mzee aliyekataa kuliuza mama alipougua, akasema litazaa jina la ukoo, ndiye aliyelipeleka sokoni ili mwanawe aonekane ana akili.

Nikamwangalia Sekela chini ya kanga yake. Jina lilikuwa limekwisha kutoka, mbele ya watu. Neno kama lile linataka ng'ombe, na ng'ombe wetu tulimchoma barabarani, debe kwa debe, tunashangilia.

Niliketi kwenye vumbi. Sikulia. Nilijisikia mtupu kama lile tangi.

Kalinga ndiye aliyesema wa kwanza. Alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa wa haki.

"Mzee, nakuheshimu. Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo, nami ninao wanne. Lakini Bwana Bipin lazima alisikie hili. Lori langu limeuzwa kwa sababu ya madebe yako. Usukani wa hili ni wangu."

Baba aliinamisha kichwa.

Hatukungoja sana. Vumbi lilionekana upande wa Chimala, likakua, likawa gari. Bwana Bipin alikuwa amechoka kutusubiri, amekuja kutulaki njiani na wenye maduka wawili amewapakia kiti cha nyuma. Na juu ya paa la gari lake, ndugu zanguni, ilikuwa inang'aa pua ndogo ya bati. Marcelino alikuwa amemchongea.

Alishuka anatabasamu. Akaona lori limekufa, tabasamu likaondoka. Akachukua ufito mwenyewe, akautumbukiza, akautoa.

"Tupu," alisema.

Akawatazama wenzake garini, kisha sisi. Aibu ilimpanda usoni, na Bwana Bipin aliogopa aibu kuliko hasara.

"Pua inafanya kazi. Mara tatu imeonekana. Leo tangi tupu. Basi petroli yangu imeibiwa. Nani?"

Kalinga akapiga hatua mbele. "Bwana, hakuna aliyeiba. Ukweli ni huu..."

"Ni mimi, bwana."

Tuligeuka sote. Baba alikuwa amesimama wima, amefunga vifungo vyote vya koti lake la kanisani.

"Mimi ndiye mwizi. Nilinyonya Iringa, alfajiri, nikauza. Mwanangu hajui. Pua yake ni nzuri. Mimi ndiye niliyenyonya."

Baba yangu, ambaye alinichapa utotoni kwa kusema uongo wa yai moja!

"Mzee anadanganya!" Kalinga alipiga kelele. "Bwana, hakutoa petroli, alitia! Aliuza dume lake! Ondoa bati hilo, jaza tangi, endesha mwenyewe kutoka hapa uone!"

"Nyamaza. Wewe umefukuzwa kazi, utasema lolote." Bwana Bipin alimtazama baba kutoka miguuni hadi kichwani. "Mtu anatia petroli yake kwenye lori yangu? Hayupo mtu kama huyo duniani. Mzee, panda gari. Polisi watakusikiliza Mbeya."

Juu ya mabati kilio cha Sekela kilikuwa kimekatika. Alikuwa anasikiliza. Alishasema mara moja kwa ajili ya haki ya Kalinga, na alishalipa. Sasa ilikuwa zamu yangu.

Nikisema kweli, baba yuko huru, Kalinga anarudi kwenye usukani, na mimi narudi Chunya. Nikinyamaza, usukani ni wangu, na mzee anakwenda kulala ndani kwa wizi wa mafuta aliyoyanunua kwa dume lake.

Bwana Bipin akanigeukia. Hakuwa mtu mbaya. Naona hata sasa kwamba alitaka nimwambie.

"Jailos. Wewe ndiye dereva. Baba yako mwizi, au pua yako haina kazi? Sema moja."

Nilisimama. Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema.

Baba alikuwa tayari ameshika mlango wa gari. Hakunitazama usoni, alitazama mikono yangu, ambayo bado ilikuwa imeshika kile chuma kama mtu anayeshika mtaimbo wa kuchimbia kule Chunya. Kisha akasema neno moja, kwa sauti ya chini ambayo Bwana Bipin hakuisikia.

"Yotamu," alisema baba.

Na Bwana Bipin akaniuliza mara ya pili.